Hatua za Mtu Aliyeketi

Mkuu wa kituo cha polisi hakumkaribisha Inspekta kiti. Alilisukuma jalada mezani mpaka likagonga kikombe chake cha chai, akamwambia Inspekta kwamba haelewi anasubiri nini. Mzee mwenye karakana ya mapazia alikutwa Jumapili mchana chini ya ngazi za ghala lake, kichwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na bomba la chuma la kutundikia pazia, na bomba lilikuwa na alama za vidole vya mkwewe. Mkwe huyo ndiye fundi cherehani mkuu wa karakana, na siku moja kabla mzee alimtukana mbele ya mafundi wenzake akamwita mzigo. Juu ya hayo yote, alikuwa amesema uongo.

"Anasema hakuinuka kitini mchana kutwa, mpaka alipofuata uzi ghalani akamkuta mzee," Mkuu alisema. "Simu yake imehesabu hatua elfu mbili na ushei. Unangoja nini, marehemu aje kukutolea ushahidi?"

Inspekta, mwanamke mwembamba aliyezoea kujibu akiwa wima, alisema hatua hizo ni nyingi mno. Kutoka chumba cha kushonea mpaka chini ya zile ngazi hazifiki hamsini. Mtu akienda kuua na kurudi, mia moja zinamtosha na chenji inabaki. Nyingine zote alikuwa anakwenda wapi?

Mkuu alijibu kwamba muuaji hatulii, alikuwa anazungukazunguka kwa hofu.

Inspekta alilifunua jalada akamwonyesha mchoro uliotolewa kwenye simu. Hatua zilikuja kwa mafungu. Fungu, kimya kidogo, fungu, kimya kidogo, hivyo hivyo tangu baada ya chakula cha mchana mpaka dakika chache kabla fundi hajapiga simu kuomba msaada.

"Hofu haina vituo," alisema.

Mkuu aliurudisha mchoro ndani ya jalada bila kuutazama mara ya pili. Alisema kesho alasiri mtuhumiwa anakwenda mahakamani, kwa mkono wake au kwa mkono wa mpelelezi mwingine anayejua kufunga kazi. Kisha akainama kwenye chai yake, na mazungumzo yakawa yameisha.

Mtaalamu wa simu alikuwa na chumba kisicho na dirisha katika ghorofa ya chini ya maabara, na hakuwa na subira na askari. Kabla Inspekta hajamaliza salamu alimkumbusha kwamba ripoti alishaiwasilisha. Ndani yake aliandika kwamba simu ilihesabu hatua. Hakuandika kwamba mtu alitembea. Kama polisi wanasoma wanachokitaka, hilo ni la kwao na macho yao.

Inspekta alimwomba amweleze tofauti. Bwana yule alichukua simu yake mwenyewe, akaifumbata kiganjani na kuanza kuutikisa mkono, taratibu, juu na chini, huku matako yake yamekaa imara kitini. Baada ya muda alimgeuzia kioo. Hatua zilikuwa zimeongezeka.

"Nimekwenda wapi?" aliuliza.

Halafu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayerudia somo kwa mwanafunzi mtoro. Simu haina macho, haiuoni mguu. Ndani yake kuna kihisi kidogo kuliko punje ya mchele, kinachosikia kila mtikisiko, wa juu, wa chini na wa pembeni. Mtu anapotembea mwili wake hupanda na kushuka kwa kila hatua, na mtikisiko huo huchora wimbi. Programu hutafuta vilele vya wimbi hilo. Kilele kikiwa kifupi sana hukidharau. Vilele vikifuatana upesi kuliko miguu ya binadamu, huvidharau pia. Lakini vikija kwa kimo na mwendo unaofanana na wa mtu anayetembea, na vikiendelea kwa muda, simu husema huyu anatembea, nayo huanza kuhesabu. Kinachovileta vilele hivyo, mguu au kitu kingine, haina njia ya kukijua.

Inspekta aliuliza ni vipi mtu anaweza kuitenga hatua ya kweli na ya uongo. Mtaalamu alisema njia ipo, ila polisi hawaipendi kwa sababu ina jasho. Usiichukue namba ikiwa mbichi. Chukua simu ileile, mpe mwenyewe, aiweke palepale anapoiweka kila siku, kwa sababu simu iliyo kifuani haisikii sawa na iliyo pajani, na iliyo ndani ya mkoba haisikii sawa na zote mbili. Mtembeze mwendo ambao umeuhesabu wewe kwa mdomo wako, uone simu inapunguza au inazidisha. Anayeburuta kandambili huibiwa hatua, anayekanyaga kwa kishindo huongezewa. Ukishaijua tabia ya simu hiyo kwa mtu huyo, mfanyishe kile anachosema alikuwa anakifanya. Ndipo ufungue mdomo.

"Na simu ya pili?" Inspekta aliuliza.

Simu ya pili ilikuwa ya mtoto mkubwa wa marehemu, msimamizi wa karakana, ambaye mafundi walimwita Bosi Mdogo. Aliitoa mwenyewe siku ya kwanza bila kuombwa. Alisema Jumapili ile alikuwa amejilaza kwenye kochi la ofisini, kichwa kinamwanga, simu iko kwenye mfuko wa shati akingojea gereji wampigie kuhusu gari lake. Simu haikuwa na hata hatua moja kwa mchana ule. Kila mtu kituoni alimsifu kwa kushirikiana na polisi.

Mtaalamu alisema aliulizwa kuhusu hatua, akajibu kuhusu hatua. Inspekta alisema sasa anamuuliza kuhusu mengine yote. Bwana yule alishusha pumzi kwa kelele, akatia saini, akaukata mfuko wa kielelezo na kufungua ukurasa mwingine, ule ambao simu hukisia mwenyewe anafanya nini: ametulia, anatembea, au yumo kwenye chombo cha usafiri. Aliutazama kwa muda.

"Kochi la huyu bwana lina injini?" aliuliza.

Mchana ule, ndani ya saa ambayo daktari aliyeupima mwili aliitaja kuwa ya kifo, simu ilikuwa imeandika kwamba mwenyewe yumo kwenye chombo cha usafiri. Dakika chache, kisha utulivu. Dakika chache tena, kisha utulivu mrefu.

Inspekta aliwapigia gereji palepale. Fundi wa magari alimjibu kama mtu anayeshitakiwa kwa wizi: gari la Bosi Mdogo liko kwake tangu Ijumaa, injini iko sakafuni, aliendeshe nani, majini? Akakata simu. Inspekta alimuuliza mtaalamu ni kitu gani kinachokwenda kama gari na si gari. Alijibiwa ni chochote chenye magurudumu kinachoibeba simu bila kuipandisha na kuishusha kama mwili unavyofanya.

"Kukitafuta ni kazi yako," alisema, na tayari alikuwa amemgeuzia mgongo.

Asubuhi iliyofuata familia ilimpokea bila kiti na bila maji. Mama, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa katikati ya sebule ya nyumba iliyo nyuma ya karakana. Kabla hajaulizwa aliyarudia maelezo yake ya siku ya kwanza, neno kwa neno. Alikuwa jikoni. Umeme ulikuwa umekatika, mashine za mota zote kimya, hata inzi ungemsikia. Hakusikia kitu isipokuwa kandambili za mkwewe zikishuka ngazi za ghala na kupanda. Binti yake, mke wa fundi, alisimama peke yake ukutani. Ndugu walikuwa wamemwachia upande mzima wa chumba, kana kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza.

Fundi aliletwa na askari wawili, pingu mikononi. Alipopita, Bosi Mdogo alitema mate sakafuni. Mama hakumkanya. Inspekta aliwaambia wote wapande chumba cha kushonea.

Kwanza alimtembeza fundi kwenye ukumbi mrefu, simu ikiwa mahali anapoiweka siku zote, kwenye mfuko wa aproni unaolala juu ya paja la kulia. Alihesabu mwenyewe kwa sauti, kwenda na kurudi. Simu ilipunguza kidogo, kwa kuwa fundi alikuwa anaburuta miguu, lakini haikupotea mbali. Kisha akamwonyesha cherehani kuukuu lililokuwa pembeni, lile la kukanyaga kwa mguu. Jumapili ile, kwa ajili ya umeme, fundi aliacha mashine yake ya mota akahamia hilo, kwa sababu mapazia ya hoteli yalikuwa yanatakiwa Jumatatu. Kila mtu kwenye nyumba ile alilijua hilo. Kwenye jalada halikuwemo.

Fundi alilitazama cherehani, akamtazama Inspekta, asisogee.

"Siku ya kwanza niliwaambia nilikuwa nakanyaga cherehani. Mkaandika 'alikuwa ameketi'. Leo mnataka niwachezee ngoma mbele ya watu hawa?"

"Ukikataa, alasiri unakwenda mahakamani na hatua zako elfu mbili mfukoni," Inspekta alisema. "Shauri yako."

Mkewe alimwita jina la mtoto wao wa kwanza, baba fulani, kwa sauti ya chini, mara moja tu. Fundi aliinyoosha mikono. Alipofunguliwa pingu alivuta kiti, akatia kitambaa chini ya sindano na kuanza. Mguu ulikanyaga, paja likapanda na kushuka, na mshono ukakimbia mpaka mwisho wa upindo. Akasimama, akageuza kitambaa, akakanyaga tena. Inspekta alikuwa amepiga goti sakafuni, jicho kwenye kioo cha simu. Hatua zilipanda kwa fungu, zikatulia alipogeuza kitambaa, zikapanda tena. Alimwambia aihamishie simu kwenye mfuko wa shati, na mtu yuleyule akashona vilevile. Namba haikusogea. Akairudisha pajani, na mafungu yakarudi.

Askari mmoja aliuweka mchoro wa Jumapili kando ya ule wa asubuhi ile. Ilikuwa kama kumtazama mtu na ndugu yake. Mafungu yalifuatana saa nzima aliyoitaja daktari, bila pengo la kumtosha mtu kushuka, kuua na kupanda. Ni mwishoni tu palipokuwa na mwendo usiofanana na mingine, mfupi na wa haraka. Hapo ndipo fundi alipoishiwa uzi, akashuka kuuchukua ghalani, akamkuta mkwewe na kumwondolea lile bomba kifuani.

"Mashine haimwoshi mtu mikono," mama alisema.

Inspekta alishuka ghalani.

Rafu ya chini ilikuwa ya majora ya mahameli, kitambaa cha bei kuliko vyote. Katikati yake palikuwa na pengo, na vumbi la kila upande lilikuwa limeishia ghafla, kama lililokatwa kwa wembe. Majora hayakuwepo, na yalikuwa hayajaondoka zamani. Karibu na mlango lilikaa toroli la magurudumu manne la kubebea mizigo. Bosi Mdogo, aliyemfuata mpaka kizingitini, alisema kwa ubaridi kwamba Jumapili toroli halitumiki na ghala halifunguliwi, kama anataka kununua pazia aje siku ya kazi.

Inspekta alipakia majora mawili, akaweka simu ya askari juu yake, akashika mpini na kusukuma. Njia ya kwenda lango la nyuma ilipita uani, chini kabisa ya dirisha la jiko la mama. Saruji ilikuwa imepasukapasuka. Magurudumu yalilia kama nguruwe anayechinjwa. Mama alikuwa amesharudi jikoni. Sauti ilipoanza, uso wake ulitokea dirishani mara moja, kisha mkono ukatoka, na dirisha likafungwa, jua la saa sita likiwa linaunguza mabati.

Inspekta aliliona, akaendelea kusukuma. Alikwenda na kurudi mpaka shati likamganda mgongoni. Simu haikuandika hatua hata moja, na katika ukurasa wa makisio iliandika kwamba imo kwenye chombo cha usafiri. Aliichukua akaitia kwenye mfuko wa shati lake, akasukuma tena mzigo uleule. Sasa hatua zilihesabiwa. Kwa hiyo Jumapili simu ya Bosi Mdogo haikuwa kwenye shati kama alivyosema. Ilikuwa juu ya mzigo, mbele ya macho yake, kama mtu anayeiweka simu ili aone anayemngojea langoni amefika au bado.

Aliwakusanya sebuleni. Aliyasema yote bila kupandisha sauti, na Bosi Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni. Kisha akacheka.

"Kwa shemeji yangu simu inakosea, kwangu inasema kweli. Chagua moja, mama Inspekta."

"Haikumkosea yeyote," Inspekta alisema. "Ilisikia mguu wake ukikanyaga, ikasikia na magurudumu yako. Waliokosea ni waliosoma."

Bosi Mdogo alisema huo ni uganga wa kisasa, na kwamba hakuna hakimu atakayemfunga mtu kwa makisio ya simu. Inspekta alikubali kwamba huenda kweli hayupo. Ndipo akamgeukia mama. Alimkumbusha kwamba kwa maneno yake mwenyewe mchana ule ulikuwa kimya, na alizisikia kandambili za mpira zikishuka ngazi zilizo ndani ya ghala, kuta mbili kutoka jikoni. Toroli lile linapita chini ya dirisha lake, karibu aweze kuligusa. Hilo hakulisikia?

"Sikulisikia," mama alisema.

"Leo umelisikia, ukafunga dirisha."

"Jua."

"Jua lilikuwepo tangu asubuhi."

Mama aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. Bosi Mdogo aliitoa mikono mfukoni.

"Mama, usimjibu huyu."

Alilisema upesi mno, na watu wote sebuleni walimtazama. Mama pia alimtazama, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu usoni pa mwingine na kukikosa.

"Nililisikia," alisema. "Lilikwenda, likarudi. Liliporudi ghalani baba yenu akamwita huyu. Alimwita mara moja tu. Halafu sikusikia tena kitu."

"Na kandambili?" Inspekta aliuliza.

"Wakati ule hazikuwepo."

Bosi Mdogo alianza kusema mambo mengi kwa pamoja. Mzee ndiye aliyelikamata bomba kwanza. Mzee alikuwa anapayuka, mnunuzi yuko langoni, watu wangesikia. Yeye alitaka kumnyamazisha tu. Mahameli yenyewe yangekuwa yake siku moja, ni urithi wake, mtu anaibaje chake? Inspekta alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia, na askari aliyekuwa na kalamu aliyaandika yote. Pingu zilizotoka mikononi mwa fundi zilikuwa bado za moto kwa jua la dirishani. Zilimtosha shemeji yake bila kurekebishwa.

Fundi alikuwa anajisugua vifundo vya mikono. Inspekta alimwambia yuko huru, aje kituoni kutia saini na kuchukua vitu vyake. Hakumshukuru, na Inspekta hakutarajia. Fundi alisema tu kwamba siku alizolala mahabusu mafundi wenzake wamezihesabu, na karakana nzima imeshamzika. Kisha akatoka nje, akasimama uani peke yake.

Binti hakumfuata mumewe mara moja. Alivuka chumba, kutoka ule upande aliokuwa ameachiwa, akasimama mbele ya mama yake.

"Ulijua," alisema. "Ukanyamaza, ukamwongezea na kandambili."

"Yule nimemzaa," mama alisema.

"Na mimi alinizaa nani?"

Inspekta alimwambia mama kwamba naye atalazimika kwenda kituoni, kwa sababu maelezo ya uongo katika kesi ya mauaji ni kosa, na sheria haijui mjane. Mama alisema miguu inamuuma. Alinyoosha mkono hewani, kama alivyozoea, akingojea binti yake amshike na kumwinua.

Binti aliutazama ule mkono. Kisha alikwenda mlangoni, akaufungua wote, na kujibana kando ili mama yake apate nafasi ya kupita.